Kupima maji Bonde la Ufa ni rahisi, kufikisha habari ndiyo kazi

WAKAZI wa kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, walikuwa wamelala kabla ya alfajiri ya Aprili 29, 2024, wakati maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli kuukuu ya Kijabe yalipolipasua tuta hilo na kuteremka kwa kishindo. Makumi ya watu walifariki. Nyumba zilisombwa, magari yakaviringishwa kama vibuyu na barabara ikafunikwa kwa matope na magogo.

Awali ilidhaniwa kwamba ni bwawa lililovunjika. Baadaye maafisa wa serikali walieleza kuwa mfereji unaopitisha maji chini ya reli ulikuwa umezibwa na mawe, miti na udongo, na bonde lililozoeleka kuwa kavu likageuka ziwa bila mtu kutambua.

Miaka sita kabla ya hapo, usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba la Patel lilipasuka huko Solai, upande mwingine wa kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, na kuangamiza watu zaidi ya 40.

Baada ya kila mkasa wa aina hii swali huwa ni lile lile: mbona hakukuwa na mtambo wa kuonya? Ni swali la haki. Lakini lipo jingine linalofuata, na ambalo ni nadra kusikika katika mikutano ya viongozi: mtambo huo, kama ungekuwapo, ungezungumza na nani, kwa njia gani, na kwa muda wa dakika ngapi?

Kupima kimo cha maji si jambo gumu. Katika mito ya Malewa, Gilgil, Njoro na Molo kazi hiyo imefanywa kwa miongo mingi kwa ubao uliotiwa alama za sentimita na kusimikwa ukingoni, na mkazi wa karibu aliyepewa ujira mdogo ili ausome na kuandika katika daftari. Daftari husafiri hadi ofisini mwishoni mwa mwezi. Kwa mtaalamu anayechunguza ukame wa miaka 50, daftari hilo ni dhahabu. Kwa mama anayeishi chini ya bwawa, halina msaada wowote.

Siku hizi ubao huo unaweza kusaidiwa na chombo cha kielektroniki. Kuna kile kinachozamishwa majini na kupima uzito wa maji yaliyo juu yake, na kuna kile kinachofungwa chini ya daraja kikarusha mawimbi ya rada hadi usoni mwa maji na kukadiria umbali. Vyote viwili hukaa miezi kadhaa bila kuguswa, vikitegemea betri na kipande cha sola kisichozidi ukubwa wa gazeti lililofunguliwa.

Ugumu huanza pale kipimo kinapotakiwa kutoka bondeni na kufika mezani kwa afisa aliye Nakuru mjini au, bora zaidi, masikioni mwa mkazi atakayepaswa kukimbia.

Kipimo chenyewe ni kitu kidogo mno. Chombo kinachosoma maji kila baada ya dakika 15 hutoa vipimo 96 kwa siku, na kila kimoja ni tarakimu nne hivi. Arafa moja ya simu, yenye nafasi ya herufi 160, inaweza kubeba vipimo vya saa saba au nane. Wanaodai kwamba mto Malewa unahitaji intaneti ya kasi ndipo usikike wamekosea. Mto hautumi video.

Ndiyo maana mtandao wa kawaida wa simu za rununu, hata ule wa kizamani wa 2G, umekuwa chaguo la kwanza kwa wengi. Arafa mara nyingi hupenya mahali ambapo mawimbi ni hafifu kiasi kwamba intaneti imekataa.

Mradi wa TAHMO, ulioasisiwa na wanasayansi Nick van de Giesen wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, na John Selker wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, umetumia njia hiyo ya simu kukusanya habari za mvua, joto na upepo kutoka vituo vya hali ya hewa vilivyowekwa katika shule nyingi barani Afrika, Kenya ikiwemo. Shule zilipendelewa kwa sababu wanafunzi hufaidika na masomo, na pia kwa sababu ua wa shule humzuia mwizi. Anayejua jinsi betri na paneli za sola zinavyotoweka vijijini ataitambua hekima ya sababu hiyo ya pili.

Hata hivyo, shule hujengwa walipo watu. Mvua inayoleta maafa Mai Mahiu au Naivasha kwa kawaida hunyesha pasipo na watu: katika misitu ya Mau na Nyandarua, na katika miteremko ya Kijabe na Eburru.

Hapa ndipo takwimu za mawasiliano zinapoweza kumpotosha msomaji. Kwa miaka mingi Mamlaka ya Mawasiliano imeripoti kuwa zaidi ya asilimia 90 ya Wakenya wanaishi mahali panapofikiwa na mawimbi ya simu. Hiyo ni hesabu ya watu, wala si ya ardhi. Kampuni husimamisha mlingoti penye wateja, na chui wa msitu wa Mau hanunui muda wa maongezi. Hata Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo imesaidia kujenga milingoti katika kata ndogo zilizosahaulika, huangalia kwanza idadi ya wakazi.

Palipo na mlingoti pia, umbo la nchi lina neno lake. Mfumo wa 2G kwa kawaida hauvuki kilomita 35 kutoka mlingotini hata katika nchi tambarare, na Bonde la Ufa si tambarare. Volkeno ya Menengai, iliyo mlangoni mwa jiji la Nakuru, ina shimo lenye urefu wa kilomita 12 hivi kwa upana wa kilomita nane, na kuta zake huporomoka mamia ya mita. Chombo kilichowekwa chini ya ukuta kama huo kinaweza kuwa karibu na jiji kwenye ramani na bado kisisikike jijini.

Mfano mchungu zaidi ni korongo la Ol Njorowa, ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Mnamo Aprili 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwakumba wageni waliokuwa wakitembea chini ya korongo hilo, na kuwaua kadhaa. Baada ya mkasa wa pili, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililifunga korongo hilo kwa umma. Mtu aliye kati ya kuta zile anaweza kuona utepe wa anga safi juu yake huku mvua iliyonyesha mbali, upande maji yanakotoka, ikiwa tayari imeanza safari ya kumjia.

Mwendo mfupi tu kwa gari kutoka hapo ndipo ilipo mitambo ya kawi ya mvuke ya Olkaria, ambayo ya kwanza ilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Wahandisi wa KenGen hufuatilia mitambo hiyo wakiwa katika vyumba vya udhibiti, bila kulazimika kusimama kando ya kila mashine. Teknolojia ya kuangalia mambo kwa mbali haikuwa ngeni katika eneo hilo. Ilikuwa ikiangalia mvuke.

Katika korongo la namna hiyo, kutuma habari hadi Nairobi ili zirudi kama onyo ni kupoteza dakika ambazo hazipo. Kinachofaa ni chombo kilichowekwa juu, maji yanakotoka, na ving'ora vilivyowekwa chini, vikiunganishwa moja kwa moja kwa redio. Hakuna seva, hakuna intaneti, wala hakuna afisa wa kuamshwa usiku. Maji yakivuka alama, king'ora kinalia.

Redio ya kufanya kazi hiyo inapatikana kwa sura mbili. Ipo ile ya VHF, ambayo askari wa mbuga na polisi wameizoea kwa miaka mingi. Ina nguvu na hupasua masafa marefu ikisaidiwa na kituo cha kurushia kilichowekwa mlimani, lakini hula umeme mwingi kiasi na huhitaji leseni ya masafa.

Nyingine ni ya kizazi kipya, iitwayo LoRa. Hutumia masafa yasiyohitaji leseni, hubeba ujumbe mfupi tu, na betri ya chombo chake inaweza kudumu miaka. Pakiwa na njia iliyo wazi kati ya chombo na kipokezi, ujumbe husafiri kilomita 10 na zaidi. Mbuga ya Akagera nchini Rwanda ilijenga mtandao wa aina hiyo mwaka wa 2017 ili kufuatilia walinzi, magari na vifaa vyake.

Kwa Bonde la Ufa, LoRa ina mvuto wa pekee. Zile kuta ambazo ni kikwazo kwa simu huwa faida hapa, kwani kipokezi kimoja kilichosimamishwa ukingoni mwa Mau au Kinangop kinaweza kutazama chini na kuona nyanda pana, mito na mashamba bila kuzuiwa. Tatizo ni kwamba kipokezi hicho huwa mali ya aliyekiweka. Kikipigwa na radi, hakuna kampuni ya simu itakayotuma fundi usiku. Ni lazima mtu ateuliwe, alipwe na apewe gari.

Kutegemea mtandao wa kampuni moja ya nje nako kuna hatari yake. Sigfox, mfumo wa Kifaransa wa ujumbe mfupi ulioletwa Kenya na kampuni ya Liquid Telecom, ulisifiwa sana kwa unafuu wake. Januari 2022 kampuni mama iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama huko Ufaransa kwa sababu ya madeni, na miezi michache baadaye ikanunuliwa na UnaBiz ya Singapore. Vilevile, kampuni za simu nchini Uingereza zilianza kuzima mtandao wa 3G mwaka wa 2023, na kila chombo kilichojua lugha hiyo pekee kikawa bubu. Mtambo wa mtoni hutarajiwa kuishi miaka 10 au 15. Mitandao haitoi ahadi ya umri huo.

Jambo ambalo wauzaji wa mitambo hawapendi kulizungumzia ni umeme. Mlingoti wa simu hutegemea nguvu za umeme za Kenya Power, na zikikatika hutegemea betri kwa saa chache au jenereta yenye mafuta. Umeme ulipopotea katika sehemu kubwa ya nchi usiku wa Agosti 25, 2023, Wakenya walijionea jinsi huduma nyingi zinavyofuatana kuzimika. Hiyo haikuwa siku ya mafuriko. Katika wiki ya mafuriko, nguzo huanguka, barabara ya kupeleka dizeli hukatika, na mawingu huziba jua ambalo paneli ya sola inalihitaji. Mto, chombo, mlingoti na fundi hupatwa na shida siku moja.

Kwa hivyo mtambo unaojaribiwa Januari, jua likiwaka, na kupongezwa na wageni rasmi waliovaa kofia za kazi, haujajaribiwa.

Ipo pia njia ndefu ambayo wengi hawaioni. Mei 12, 2024, majuma mawili tu baada ya maafa ya Mai Mahiu na mvua ikiwa ingali inanyesha, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikapungua kasi kote Afrika Mashariki. Mitambo mingi ya kisasa huhifadhi habari zake katika seva zilizo Ulaya au Marekani. Maana yake ni kwamba kipimo cha mto Malewa kinaweza kulazimika kuvuka bahari, kusomwa na tarakilishi ya ugenini, kisha kuvuka bahari tena ndipo kimfikie mkazi wa Naivasha aliye kilomita chache kutoka mtoni. Arafa inayotoka Malewa na kupokelewa Naivasha haina haja ya safari hiyo. Hili ni jambo la kuandikwa katika mkataba siku ya kununua, kwani baada ya hapo huwa gumu kubadilishwa.

Pale ambapo simu na redio zote zimeshindwa, hubaki setilaiti. Idara za hali ya hewa zimetumia setilaiti za Meteosat, zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kukusanya vipimo kutoka vituo vya mbali. Mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66 zinazoizunguka dunia, hupokea ujumbe mfupi kutoka karibu mahali popote penye anga wazi, na kifaa chake hutoshea kiganjani. Gharama ya kila ujumbe ni kubwa kuliko ya arafa, lakini kwa kituo kinachosema mara nne kwa siku, na kupiga kelele tu maji yanapopanda, bili inaweza kuvumilika.

Starlink, ambayo ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023, ni hadithi tofauti. Ina uwezo mkubwa, lakini sahani yake hula makumi ya wati kila wakati inapowaka, ilhali chombo cha kupima maji huweza kuishi kwa sehemu ndogo sana ya wati moja. Kuifunga msituni kwa ajili ya tarakimu nne ni kukodi lori la kubebea barua.

Lori hilo lina mzigo wake unaolifaa. Vyombo vinavyosikiliza mitetemeko ya ardhi, kama vile vinavyotumiwa katika utafiti wa kawi ya mvuke Menengai na Olkaria, hupima mwendo wa ardhi katika pande tatu, mara nyingi mara 100 kila sekunde. Kwa siku moja hiyo ni takriban vipimo milioni 26 kutoka kituo kimoja. Hapa arafa haifai kitu. Na si kazi ya anasa, kwani vipimo vya setilaiti vilionyesha kuwa mlima Longonot, ambao wengi huuona kama umelala, uliinuka kwa takriban sentimita tisa kati ya 2004 na 2006.

Maziwa nayo yana mwendo wao. Tangu mwanzo wa muongo wa 2010, maji ya Nakuru, Naivasha, Bogoria na Baringo yamepanda hadi kulifunika lango kuu la zamani la mbuga ya Ziwa Nakuru na kuwahamisha watu wengi ufuoni. Mtaa wa Kihoto, Naivasha, ulifurika mwaka wa 2020 na tena 2025. Ziwa, hata hivyo, haliruki kwa dakika. Kimo chake kikisomwa mara moja kwa siku na mtu mwenye simu ya bei nafuu, habari zinatosha. Walioathirika Kihoto hawakukosa kipimo. Walikosa mahali pengine pa kuishi, na hilo halina tiba ya mlingoti.

Ukichambua hivi, hoja ya kutafuta mtandao mmoja bora kwa eneo zima inapoteza uzito. Mabwawa ya milimani na makorongo yanahitaji redio ya moja kwa moja na king'ora, na arafa kama njia ya pili. Mito mikubwa inaweza kutegemea simu, na setilaiti pale ambapo milingoti imeisha. Tuta la reli la Kijabe lingekuwa na nafasi ndogo katika mpango wowote, kwa sababu halikuwa katika orodha ya mabwawa ya mtu yeyote. Hilo lingehitaji jicho la mkaguzi anayetembea kando ya reli kabla ya masika na kuona mfereji umeziba.

Mabwawa ya binafsi yana mlango ulio wazi zaidi. Sheria ya Maji ya 2016 iliipa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, uwezo wa kutoa vibali vya matumizi ya maji na kuviwekea masharti. Kumtaka mwenye bwawa lililo juu ya makazi afunge chombo cha kimo, king'ora na njia mbili za kutuma habari kungemgharimu sehemu ndogo ya bei ya tuta lenyewe. Kule Solai wakazi walikuwa chini tu ya mteremko. Onyo la kila saa lingefika wakiwa wamezikwa. La papo hapo lingewapa angaa nafasi ya kukimbilia upande.

Swali la nani alipe kila mwezi ndilo linaloangusha miradi mingi. Wafadhili hupenda kununua vyombo, kwa kuwa chombo hupigwa picha. Laini ya simu haipigwi picha. Mradi ukifungwa, vyombo hukabidhiwa kaunti, na mwaka wa fedha wa kaunti hufungwa Juni 30. Masika huanza Machi, wakati vifungu vingi vya bajeti vimekwisha kukauka na mgao kutoka Hazina ya Kitaifa aghalabu umechelewa. Laini huhitaji pesa katika miezi ile ambayo pesa ni haba zaidi.

Laini isiyolipiwa hunyamaza bila kuaga. Katika tarakilishi ya afisa, ukimya wa chombo kilichokatwa hufanana na ukimya wa mto uliotulia, hasa ikiwa mtambo ulipangwa kusema tu wakati wa hatari. Mitambo iliyopangwa vyema hutuma salamu kila siku, hata kama hakuna jipya, pamoja na hali ya betri. Salamu ikikosekana kwa saa 24, fundi hupanda pikipiki kwenda kuangalia, na mkazi wa karibu hupigiwa simu asome ubao wa zamani wa sentimita hadi fundi atakapofika.